Mkahawa wa Kivietnamu hapa Kampala: asiyekula nguruwe aagize nini?

Bint_Bombo

Asalam aleikum wadau, na wengine wote habari za jioni.

Kuna dada ofisini kwetu anahamia Kigali, na bosi ameamua tumuage Ijumaa jioni kwenye mkahawa wa Kivietnamu upande wa Kisementi. Tutakuwa watu kama kumi na wawili, kila mtu anajilipia. Kwenye kitengo chetu Mwislamu ni mimi peke yangu, na sitaki kuwa yule mtu anayekaa mezani na soda ya chupa huku wenzake wakila, halafu wote wanamhurumia.

Menyu nimetumiwa kwa WhatsApp. Majina yote yana vijialama juu na chini ya herufi, na maelezo ni mafupi mno. Bei ni kati ya 28,000 na 48,000 kwa chakula kimoja. Nimepiga simu kuuliza kama wana nguruwe, kijana aliyepokea akajibu, "Hapana nnyabo, hakuna shida." Hakuna nguruwe au hakuna shida? Nikamuuliza tena, akarudia vilevile.

Mimi nimelelewa Bombo, kwetu ni gurusa (ule mkate wa Kinubi) na mchuzi, sijawahi kugusa vijiti. Mfuko wangu wa jioni hiyo ni 50,000, boda haimo. Naombeni mnisaidie: nile nini, nishibe, na nirudi nyumbani dhamiri imetulia.

Kijana_wa_Kabalagala

Dada, 40,000 kwa tambi na maji ya moto? Kwa hela hiyo unakula luwombo ya kuku, unaongeza matooke, unabakiza na nauli. Hao mabosi wanapenda sehemu zenye taa hafifu ili usione ulichopewa. Sema unaumwa tumbo.

Mpishi_Mtanga

Wa aleikum salaam dada. Usiseme unaumwa tumbo, nenda ukale.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Kampala tangu zamani, na kwa miaka kadhaa nilisimama jikoni kwa mama mmoja wa Kivietnamu pale Bugolobi, kabla hajafunga na kurudi kwao. Kwa hiyo haya nayajua kutokea upande wa masufuria. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Nguruwe ndiyo nyama inayoliwa zaidi Vietnam, kuliko ng'ombe na kuku. Kwenye menyu, bò ni ng'ombe, gà ni kuku, cá ni samaki, tôm ni kamba, yaani prawns. Nguruwe anaitwa heo na watu wa kusini, lợn na watu wa kaskazini. Ukiona mojawapo ya hayo mawili, pita mbali. Lakini hivyo vinavyomtaja si vya kukuogopesha. Vya kukuogopesha ni vile ambavyo nguruwe yumo na jina lake halimo.

Chả giò, zile za kukaanga ambazo wenzako watazishangilia kwa kuwa zinafanana na sambusa: ndani kwa kawaida ni nyama ya nguruwe ya kusaga, na uyoga mweusi na tambi nyembamba. Gỏi cuốn, zile baridi zilizoviringishwa kwenye karatasi ya mchele hadi unaona kamba kwa nje: nyuma ya kamba huwa kuna kipande chembamba cha nguruwe wa kuchemsha, na hutakiona mpaka umeng'ata. Bánh mì ni mkate mrefu wa Kifaransa, lakini ule mpako unaopakwa ndani kwa kawaida ni wa maini ya nguruwe, hata pale walipokuwekea kuku juu yake. Bún chả, ambayo Obama aliila Hanoi mwaka 2016 akiwa na Anthony Bourdain, yule mpishi wa televisheni, wamekaa kwenye vigoda vya plastiki, ni nguruwe mwanzo mwisho.

Na mtego mkubwa kuliko yote: bún bò Huế. Umeiona hiyo bò? Basi utafurahi, utaagiza, na ndani ya bakuli utakuta kongoro la nguruwe. Ni supu ya mji wa Huế, ina mchaichai na pilipili, ni tamu kweli, na ng'ombe yumo kweli. Ila hayumo peke yake. Nilipokuwa jikoni, mteja mmoja wa kutoka Old Kampala, mzee mwenye kanzu, aliiagiza kwa kusoma hilo neno tu. Nilitoka mwenyewe mbio na mwiko mkononi kumzuia mhudumu asimfikishie.

Chakula chako wewe ni phở. Phở bò au phở gà. Hii ni supu ya tambi pana za mchele, na uhai wake wote uko kwenye mifupa. Sisi tulikuwa tunaanza saa kumi alfajiri. Mifupa ya magoti na ya uboho inachemshwa dakika chache, yale maji yenye povu la kijivu yanamwagwa, mifupa inaoshwa mmoja mmoja, ndipo inarudishwa kwenye maji mapya. Tangawizi na vitunguu vinaunguzwa juu ya makaa hadi maganda yawe meusi, halafu unayakwangua. Mdalasini, karafuu, mbegu za giligilani, ile anisi yenye umbo la nyota na iliki kubwa nyeusi vinakaangwa vikavu, vinafungwa kwenye kitambaa, vinatumbukizwa. Kisha moto mdogo, saa sita au zaidi, bila mfuniko, na mtu wa kuengua mafuta. Supu ikiwa sawa unaona tambi hadi chini ya bakuli. Ikiwa na ukungu, aidha moto ulikuwa mkali au mifupa haikuoshwa.

Sasa ndiyo sababu usiulize "kuna nguruwe?" Mhudumu wa Kampala hapendi kumwambia mgeni neno baya, atasema hapana hata kabla hujamaliza swali. Uliza hivi: "Mifupa ya supu ni ya mnyama gani?" Swali hilo hana jibu lake kichwani, itabidi aingie jikoni akaulize. Sehemu nyingine huongeza mifupa ya nguruwe kwenye sufuria la ng'ombe kwa sababu supu inapata utamu haraka, na nyingine wana sufuria moja tu la mchanganyiko wa kila kitu. Ukiagiza phở gà uliza vilevile, usidhani kuku amepikwa kwenye maji ya kuku.

La kuchinja: nyama ya ng'ombe ya mjini hapa kwa sehemu kubwa imechinjwa na Waislamu, hilo unalijua kuliko mimi. Kuku wa kwenye friza uliza wametoka wapi. Na mafuta ya kukaangia ni yale yale kwa kila kitu, kwa hiyo hata wakikuambia wana chả giò za mboga, karai ni moja. Nyama za kuchoma nazo, wavu ni mmoja.

Sosi ya samaki, nước mắm, haina tatizo. Ni dagaa wa baharini na chumvi, basi, wanakaa kwenye mapipa ya mbao karibu mwaka mzima. Ya kisiwa cha Phú Quốc ndiyo inayosifiwa. Ukinusa chupa utasikia gunia la mukene, dagaa wa ziwani, lililonyeshewa. Usinuse chupa. Wakiichanganya na ndimu, sukari, maji, kitunguu saumu na pilipili, hiyo harufu inapotea kabisa.

Kitu cha mwisho na ni muhimu: menyu itakuambia uchague nyama. Tái ni vipande vibichi vinavyowekwa juu ya tambi halafu supu inayochemka inamwagiwa hapo hapo. Inapendeza, lakini ni pale tu supu inapokuwa inachemka kweli. Ijumaa jioni, watu kumi na wawili mezani, bakuli lako litakaa juu ya kaunta likisubiri mengine kumi na moja. Agiza chín, ile iliyoiva ndani ya sufuria.

Bint_Bombo

Kaka, Mungu akubariki. Hiyo ya bún bò Huế nilikuwa nimeshaiwekea alama kwenye menyu, wallahi!

Na vijiti? Na je, kile kisahani cha majani wanachokuletea ni kachumbari? Nile kabla au baada?

Mpishi_Mtanga

Kile si kachumbari. Ni nanaa, rihani, choroko zilizochipua, vipande vya ndimu na pilipili mbichi. Unachuma majani kwa vidole, unayarusha ndani ya supu kidogo kidogo kadiri unavyokula, siyo yote mara moja, yatapoza bakuli. Kamua ndimu. Onja kwanza kabla hujatia chochote, mpishi aliyeamka alfajiri anakuangalia kupitia kidirisha.

Mambo ya majani ni ya kusini. Phở ilianzia kaskazini, Nam Định na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20 Wafaransa wakiwa bado wanatawala, na huko hadi leo wanaila bila mbwembwe: supu, tambi, nyama, majani ya kitunguu. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954, watu wa kaskazini kwa malaki walihamia kusini na sufuria zao, na Saigon ndiyo ikaongeza majani na zile sosi tamu. Mama yangu wa Bugolobi alikuwa mtu wa Cần Thơ, kwenye delta ya Mekong, kwa hiyo sisi tulijaza majani hadi mezani hapatoshi. Siku moja akaja mgeni wa Hanoi, akaisukuma ile sahani hadi ukingoni mwa meza kwa kidole kimoja. Mama hakumsemesha mpaka alipolipa.

Vijiti: mkono wa kulia vijiti, wa kushoto kijiko cha bakuli. Vijiti vinanyanyua tambi, kijiko kinazipokea, mdomo unamalizia. Ukivuta kwa sauti hakuna atakayekushangaa. Na uma upo, ukiomba utaletewa, mimi mwenyewe tambi za kukaanga nakula kwa uma.

Kushiba utashiba. Bakuli moja la pale linamtosha dereva wa lori.

Papa_Goma

Salamu kwenu. Mimi nimeishi Ubelgiji kabla ya kuja Kampala, na huko Wavietnamu wako kila mtaa, kwa hiyo nina usemi. Kaka Mtanga yuko sawa karibu kote, ila hapo anaposema tuonje kabla ya kutia chochote, anatutisha bure. Ile sosi nyeusi tamu na ile nyekundu ya pilipili zimewekwa mezani zitumike. Mimi namimina zote mbili ndani ya supu, nakoroga, nakunywa hadi chini. Mlaji ni mimi.

Kwa dada: jihadhari na bili. Watu wakiwa wengi, kuna mmoja atasema "tuagize vitu vya kuchangia," mara meza imejaa zile za kukaanga, ambazo wewe huzigusi. Mwisho wa jioni mtu mwingine tena atasema tugawe sawa kwa sawa ili kurahisisha. Hapo umelipia nguruwe ambaye hukumla. Mwambie mhudumu tangu mnapokaa kwamba bili yako iwe peke yake. Mwambie mapema, si wakati mashine ya kadi imeshafika mezani.

Mpishi_Mtanga

Papa Goma, za mezani zimewekwa uchovye nyama kwenye kisahani cha pembeni. Ukimimina ndani, yale masaa sita yote yamekuwa maji ya sukari. Lakini hilo la bili umenena, mimi lisingenijia, mpishi haoni bili.

Papa_Goma

Kisahani cha pembeni ni cha wagonjwa.

Mama_Waleed_Arua

Jamani samahani, naingilia. Mwanangu akila kamba anavimba midomo. Huko kuna chochote anachoweza kula? Huwa tunapita Kampala likizo na mjomba wake anapenda sana hizo sehemu.

Mpishi_Mtanga

Mama Waleed shikamoo. Kwa mtoto wa hivyo ni lazima uwaambie kabla hata ya kukaa, na uwaambie mvimbo, usiseme "hapendi." Kamba hawaonekani kila mara: kuna rojo la kamba wa kusaga, mắm ruốc, linatiwa kwenye ile supu ya Huế na kwenye vitu vingine. Phở ya ng'ombe kwa kawaida haina, lakini uliza. Wali mweupe na yai la kukaanga upo karibu kila mahali, ila yai lisikaangwe kwenye lile karai moja la kila kitu. Na karanga angalia pia, zinanyunyizwa juu ya vitu vingi. Ukiona wamebabaika kukujibu, mpeleke mtoto akale chipsi na kuku, mjomba abaki na tambi zake.

Mama_Waleed_Arua

Marahaba mwanangu. Nimeelewa.

Kijana_wa_Kabalagala

Bado sijaambiwa kwa nini tambi ni 40,000.

Mpishi_Mtanga

Kwa sababu tambi zinakuja kwa meli hadi Mombasa na kwa lori hadi hapa, na sosi ya samaki vilevile, na mitungi ya gesi ya saa sita kila siku analipa nani? Mifupa ndiyo ilikuwa rahisi, mchinjaji alikuwa karibu anatupa bure mwanzoni. Akaona tunarudi kila siku, akaanza kutupimia kwa kilo. Rihani ndiyo ilitusumbua kuliko vyote. Soko la Nakasero unaipata, ila si kila siku, na siku ya mvua inafika imelala. Mama akaishia kuipanda kwenye madebe nyuma ya jiko.

Ila nakupa haki yako: kuna sehemu moja hapa mjini, siitaji, nilikula juzi juzi kwa bei hiyo hiyo na supu ilikuwa ya unga wa pakiti. Nilijua kwa rangi, ilikuwa ya manjano na juu hapakuwa na hata jicho moja la mafuta. Supu ya mifupa ina vijiduara vidogo vya mafuta vinavyotembea. Kama hamna vijiduara, kunywa soda yako, lipa soda, ondoka.

Bint_Bombo

Nimerudi na habari, maana naona mnapigana bila mimi.

Nilifika mapema kabla ya wenzangu, nikamwita mhudumu nikamuuliza swali la mifupa. Uso wake! Aliingia jikoni, akatoka na mpishi mwenyewe, dada wa Kiganda mwenye kitambaa kichwani na jasho, akaniambia sufuria moja ni ng'ombe na kuku, la pili ni la ile supu ya Huế na humo nguruwe yumo. Akaniambia pia kuku wake anawanunua hai Kalerwe na anayechinja ni Mwislamu. Hata sikuwa nimefika hapo. Basi nikaagiza phở bò chín, 36,000.

Vijiduara vilikuwepo. Nyama ilikuwa laini, ina ule mshipa unaong'aa katikati. Ndimu ndiyo iliyonimaliza. Nilijaribu vijiti nikaviacha, nikala kwa uma na kijiko, hakuna aliyecheka ila bosi. Yeye aliagiza tái na nyama yake ilifika ya waridi, akaizungusha ndani ya supu muda mrefu kweli akijifanya anaongea na watu.

Vitu vya kuchangia viliagizwa, kama Papa Goma alivyosema, sahani nne. Mimi bili yangu ilikuwa peke yake. Dada mmoja wa uhasibu aliniangalia kwa jicho fulani, lakini ilipofika wakati wa kugawa, wawili wengine walitamani wangefanya kama mimi.

Halafu nikanywa ile kahawa ya maziwa ya kopo na barafu. Jamani. Sikulala hadi saa nane usiku. Ile ni kahawa ya namna gani?

Papa_Goma

Karibu nyumbani dada. Hiyo ni robusta, ndiyo sababu. Ina kafeini nyingi kuliko arabika, na inachujwa polepole kwenye kile kikopo cha bati juu ya glasi. Vietnam ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa robusta, na kwa kahawa yote kwa jumla inaifuata Brazil. Kinachoniuma mimi ni kwamba robusta asili yake ni misitu ya huku kwetu, Kongo na Uganda, Waganda wameitafuna tangu enzi za mababu, na sasa tunakaa Kisementi kulipa 12,000 kwa glasi moja.

Kijana_wa_Kabalagala

Na maziwa ya kopo! Katika nchi yenye Mbarara!

Mpishi_Mtanga

Maziwa ya kopo ni kwa sababu wao zamani hawakuwa na maziwa mabichi ya kutosha, Wafaransa wakaleta ya makopo, ikabaki hivyo. Ukitia maziwa ya Mbarara inakuwa maji. Tulijaribu.

Dada Bombo, huyo mpishi wa Kisementi mshike, na ukienda tena nenda mchana. Ikifika saa tatu usiku supu inapungua sufuriani na mtu huongeza maji.

Bint_Bombo

Sawa. La mwisho, nimemsimulia mama yangu na anataka, lakini Kampala haji, magoti. Naweza kumpikia Bombo?

Mpishi_Mtanga

Unaweza. Mifupa ya goti kilo mbili, mwambie mchinjaji aikate. Chemsha dakika kumi, mwaga maji yote, osha. Maji mapya, tangawizi na kitunguu ulivyounguza kwenye sigiri, mdalasini, karafuu tatu au nne, anisi nyota kama umeipata kwenye maduka ya Wahindi, ukikosa endelea bila. Kipande cha nyama ya kifua kitie humo humo, kikilainika kitoe. Usifunike, usikoroge, sigiri iwe na moto wa kuvizia tu, asubuhi hadi adhuhuri. Chumvi na sukari kidogo mwishoni, na sosi ya samaki kijiko kimoja kimoja huku unaonja.

Tambi zilowekwe maji ya kawaida nusu saa, zichovywe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, ziingie bakulini. Usizipike ndani ya supu, zitainywa yote. Mama akiwa hana meno mazuri mkatie nyama nyembamba kinyume na nyuzi zake.

Na usitie Royco.